UZI: Nani huziruhusu protini zinazopanga upya kromatini kufanya kazi? Breki zimo ndani ya injini yenyewe

Mleta uzi (Chiromo)

Wanajukwaa, salamu. Katika kikundi chetu cha kusoma makala za biolojia ya molekuli hapa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kumezuka swali ambalo naona linastahili uzi wake. Tunafundishwa kwamba DNA ya seli moja ya binadamu, ambayo ikinyooshwa hufikia takriban mita 2, hutoshea ndani ya kiini chenye upana wa mikromita chache kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na DNA pamoja na histoni hizo ndiyo kromatini. Kwamba kila nukleosomu, yaani fundo moja la mzunguko huo, hubeba jozi za besi 147 zilizozunguka histoni 8. Na kwamba zipo protini zinazotumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuzisogeza nukleosomu hizo, kuzifumua au kubadilisha histoni zake, ili jeni iliyofichika iweze kunukuliwa, yaani kusomwa kuwa RNA, au iliyo wazi ifungwe. Somo likifika hapo, mara nyingi huishia hapo, kana kwamba protini hizo zikishakuwepo basi kazi itafanyika yenyewe.

Hebu tutafakari jambo moja. Seli ya binadamu ina nukleosomu zinazohesabika kwa makumi ya mamilioni. Kama kila protini ya aina hii, ambayo nitaiita injini, ingefanya kazi kila inapoigusa nukleosomu, ATP ingeteketea bure na hakuna jeni ambayo ingebaki kimya mahali panapotakiwa kimya. Lazima basi pawe na kitu kinachoizuia, na kitu kingine kinachoiachilia.

Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba injini hizi, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa zikiwa zimefungwa breki, na breki hizo zimo ndani ya mnyororo wao wenyewe wa asidi amino. Kinachofanywa na seli ni kuzilegeza mahali panapohitajika na kwa muda unaohitajika. Anayepima kiasi cha protini peke yake, au kiasi cha RNA yake, anaweza kukuta seli mbili zenye kiasi kilekile na tabia tofauti kabisa.

Familia kuu ni 4: SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80. Ya kwanza iligunduliwa kupitia hamira katika miaka ya 1980, pale watafiti waliokuwa wakichunguza mambo mawili yasiyohusiana, yaani ulaji wa sukrosi na ubadilishaji wa jinsia ya hamira, walipokuja kutambua kwamba jeni walizoziita SNF2 na SWI2 ni jeni moja. Familia zote 4 zina injini ya ATP inayofanana, yenye sehemu mbili zinazoishika DNA (kwa nyingi kati yao, kama umbali wa mizunguko miwili kutoka katikati ya nukleosomu) na kuivuta jozi moja au mbili za besi kwa wakati. Kwa kuwa injini inafanana, tofauti baina ya familia hutokana na vipande vinavyoizunguka, na humo ndimo udhibiti mwingi ulimo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ISWI. Mwaka 2012 Clapier na Cairns walionyesha kwamba ISWI ya inzi wa matunda ina vizuizi viwili. Cha kwanza, kiitwacho AutoN, kiko kabla ya injini, na ndani yake mna asidi amino chache zenye chaji chanya zinazofanana mno na kipande cha mkia wa histoni H4. Cha pili, NegC, kiko baada ya injini, na kazi yake ni kutenganisha uchomaji wa ATP na uvutaji wa DNA, hivi kwamba injini inaweza kuchoma ATP bila kuisogeza DNA. Mkia halisi wa H4 unapokuwepo, huishinda athari ya AutoN. DNA iliyo wazi kando ya nukleosomu inaposhikwa na sehemu ya mwisho ya ISWI, NegC nayo huondoka njiani. Kwa hiyo ISWI haiendi mpaka ihakikishe mambo mawili: kwamba iliyo mbele yake ni nukleosomu kweli, na kwamba kando yake kuna DNA ya kutosha ya kusogezea.

Matokeo ya mpangilio huo yananivutia sana. DNA ya kando inapofupika kwa sababu nukleosomu imesogezwa kuelekea jirani yake, NegC hurudi mahali pake na kazi hupungua. Ndiyo maana familia hii huweza kuzipanga nukleosomu kwa nafasi zinazolingana bila kuwepo msimamizi mwingine wa kupima nafasi hizo. Kipimo kimo ndani ya breki yenyewe.

CHD1, ya familia ya CHD, hufuata mantiki hiyohiyo kwa njia yake. Picha ya muundo wake iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha vipande vyake viwili viitwavyo kromodomeni vikiwa vimeegemea injini na kuziba mahali ambapo DNA ingeshikwa. DNA tupu haiwezi kuvisukuma kwa urahisi, ilhali nukleosomu inaweza.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Jibu la 1: Mwalimu wa Kasarani

Asante, ndugu mleta uzi. Mimi hufundisha biolojia kidato cha nne, na nina jambo linalonitatiza. Wanafunzi wanaopenda kusoma mbele hunijia wakisema kwamba kundi dogo la kemikali liitwalo asetili likiwekwa kwenye histoni, kromatini hufunguka. Lakini nimesoma kwingine kwamba asetili kwenye laisini (asidi amino) ya 16 ya histoni H4 hupunguza kazi ya ISWI. Je, alama moja inawezaje kufungua na papo hapo kuizuia protini inayosogeza nukleosomu?

Mleta uzi

Shikamoo, Mwalimu. Swali lako limegusa kiini cha jambo. Hakuna mgongano, kwa sababu familia hizi hazifanyi kazi moja. ISWI kwa kawaida huzipanga nukleosomu kwa utaratibu na kuzisogeza karibu, jambo linalosaidia kuifunga kromatini. Kwa kuwa ISWI hulegezwa na sehemu ya mkia wa H4 iliyo jirani kabisa na laisini ya 16, kuweka asetili hapo hudhoofisha ufunguo wake, na breki hubaki imeshika. Upande wa pili, SWI/SNF, ambayo huelekea kuziondoa au kuzisogeza nukleosomu ili jeni isomwe, ina bromodomeni, na bromodomeni ni sehemu inayoshika laisini zenye asetili. Asetili kwenye histoni basi inaweza kumzuia anayefunga na kumshikilia anayefungua. Nadhani wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kulielewa hilo vizuri kuliko ile kanuni fupi ya kwamba asetili hufungua, ambayo huwaacha wakidhani kuwa kemia peke yake ndiyo inayosukuma kila kitu.

Niongeze jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Vimeng'enya vinavyoweka asetili kwenye histoni huweka pia kwenye protini za kupanga kromatini zenyewe. Katika hamira, kimeng'enya Gcn5 huweka asetili kwenye histoni, na hivyo huikaribisha SWI/SNF. Lakini huweka pia asetili kwenye Snf2, injini ya kundi hilo, na bromodomeni ya Snf2 ikishaishika asetili ya mwilini mwake huachia ile ya kwenye histoni. Aliyeikaribisha ndiye huyohuyo anayeifanya iondoke. Ukaaji wake kwenye jeni huwa mfupi, na bila shaka ufupi huo una maana, kwa sababu jeni iliyoachwa wazi kupita kiasi ni hatari sawa na iliyofungwa.

Jibu la 2: Mtaalamu wa maabara ya patholojia

Nashukuru kwa uzi huu. Kazi yangu ni kuandaa slaidi za tishu katika maabara ya hospitali hapa Nairobi, na katika familia hizi protini ninayokutana nayo mara kwa mara ni INI1, kipande cha kundi la SWI/SNF, ambayo wengine huiita SMARCB1. Daktari wa patholojia akishuku uvimbe wa rabdoidi kwa mtoto mdogo, huomba tuipake slaidi kingamwili ya INI1. Ukiitazama kwa darubini, viini vya seli za uvimbe hubaki vya bluu tu, rangi ya kawaida ya kupakia viini, ilhali seli za kuta za mishipa midogo ya damu zinazopita katikati ya uvimbe uleule huwa na viini vya kahawia iliyokolea. Mishipa hiyo ndiyo hutuhakikishia kwamba upakaji umefanikiwa. Isingekuwa kahawia, slaidi isingeaminika.

Swali langu ni hili: INI1 si injini. Injini ya kundi hilo, BRG1, bado imo ndani ya seli za uvimbe. Ikiwa injini ipo, kwa nini kukosekana kwa kipande kimoja tu kulete saratani kali namna hiyo kwa mtoto?

Mleta uzi

Dada, au kaka, umeeleza slaidi hiyo vizuri sana, nami naomba wanajukwaa wairudie kusoma aya yako kwa makini, maana inaonyesha jambo ambalo hesabu za molekuli hazionyeshi: seli mbili zinazopakana, injini ileile, hatima mbili.

Kundi la SWI/SNF la binadamu, liitwalo BAF, huundwa na vipande kama 10 hadi 15, lakini jeni zinazotengeneza vipande vinavyoweza kuingia humo ni 29. Kwa maneno mengine, seli huchagua. Kuna BAF ya kawaida, kuna PBAF, na kuna ya tatu isiyo ya kawaida, ambayo kwa asili haina SMARCB1. Injini ni moja kati ya mbili, BRG1 au BRM, kamwe si zote mbili katika kundi moja. Uchaguzi wa vipande ni tabaka la pili la udhibiti, juu ya breki nilizozieleza.

SMARCB1 ina kipande mwishoni mwake kinachoshika sehemu yenye chaji hasi kwenye uso wa nukleosomu, upande ambao histoni H2A na H2B hukutana. Bila kushika hapo, BRG1 inabaki na nguvu ya kuchoma ATP, lakini uwezo wake wa kuisogeza nukleosomu na kuyaweka wazi maeneo ya DNA yanayohamasisha jeni kutoka mbali hupungua sana. Jeni zinazohitajika ili seli ikomae haziwashwi ipasavyo, na seli hubaki katika hali ya utoto huku ikiendelea kugawanyika. Wakati huohuo, ile BAF ya tatu, ambayo haikuwahi kuitegemea SMARCB1, huendelea na kazi, na seli za uvimbe wa rabdoidi huitegemea kwa uhai wao. Kwangu mimi hapo ndipo pa kutafutia dawa: katika kile ambacho uvimbe unakihitaji kuliko seli nyingine, kwa kuwa kuizima injini yenyewe ni kuigusa karibu kila tishu ya mwili.

Kupotea kwa SMARCB1 katika uvimbe huo kuliripotiwa mwaka 1998. Tangu hapo imeonekana kwamba jeni za vipande vya BAF zina mabadiliko katika takriban asilimia 20 ya saratani za binadamu, ARID1A ikiongoza.

Ubadilishaji wa vipande si ugonjwa tu. Mwili huutumia kwa makusudi. Seli inayoelekea kuwa neva, inapoacha kugawanyika, hutoa kipande kiitwacho BAF53a na kuweka BAF53b mahali pake. Kinachoizima BAF53a ni mikroRNA mbili, miR-9* na miR-124. Kundi la watafiti la Crabtree lilionyesha mwaka 2009 kwamba mikroRNA hizo zikizuiwa kufanya kazi hiyo, ukuaji wa matawi ya neva huharibika. RNA ndogo kabisa inabadilisha kipande kimoja cha mashine kubwa, na utambulisho wa seli unabadilika nayo.

Jibu la 3: Daktari wa mifugo, Kabete

Habari za jioni, wanajukwaa. Mazungumzo yamejaa binadamu na hamira, nami naomba kuuleta ng'ombe. Hapa Kabete tuna historia ndefu ya utafiti wa nagana. Maabara ya kimataifa ya ILRAD ilianzishwa Nairobi mwaka 1973 ikishughulikia nagana na ndigana kali, na ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya ILRI ya leo, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Vimelea vya tripanosoma vinavyoletwa na mbung'o hubadilisha koti lao la protini kila kinga ya ng'ombe inapoanza kulitambua. Je, protini hizi zina mkono katika ubadilishaji huo?

Mleta uzi

Daktari, zina mkono. Trypanosoma brucei ana jeni nyingi mno za koti hilo la VSG, lakini huinukuu moja tu kwa wakati, kutoka katika mojawapo ya maeneo maalumu yapatayo 15 yaliyo karibu na ncha za kromosomu. Maeneo mengine yote lazima yanyamaze. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kimelea huyo ana protini ya familia ya ISWI, TbISWI, na kiasi chake kinapopunguzwa, maeneo yaliyonyamaza huanza kunukuliwa kwa kiwango kinachopanda zaidi ya mara kumi. Hiyo inalingana na tuliyomjibu Mwalimu hapo juu: ISWI huelekea kunyamazisha.

Kwa mfugaji, ukimya huo ndio unaomfanya kimelea adumu mwilini mwa ng'ombe. Kimelea ambaye angevaa makoti yake mengi kwa pamoja angekuwa ameionyesha kinga ya mnyama akiba yake yote kwa siku moja.

Jibu la 4: Muuguzi wa kliniki ya VVU, Eastlands

Ninawafuatilia wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, na nimeona jinsi virusi vinavyorudi kwenye damu mgonjwa akiacha dawa, hata kama kwa miaka kipimo kilikuwa hakionyeshi kitu. Tunaambiwa virusi vilikuwa vimelala ndani ya seli. Je, usingizi huo unahusiana na mnayoyajadili?

Mleta uzi

Unahusiana moja kwa moja, na jina INI1 alilolitaja mtaalamu wetu wa patholojia lilitokana na VVU: mwaka 1994 protini hiyo ilipatikana kwa sababu ilishikamana na integresi, kimeng'enya kinachoiingiza DNA ya virusi katika DNA ya binadamu.

DNA ya virusi ikishaingia, hufungwa kwa nukleosomu kama DNA nyingine. Nukleosomu moja, iitwayo nuc-1, hukaa mara tu baada ya mahali unukuzi unapoanzia, na kuuzuia. Ajabu ni kwamba mfuatano wa besi wa mahali hapo haupendelei nukleosomu. Ikiachwa huru, ingekaa kando. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba BAF ndiyo inayoisukuma nuc-1 na kuiweka hapo pasipoifaa. Mkumbuke nilisema SWI/SNF huelekea kufungua. Hapa inafunga, na ndiyo maana nasita kila ninaposikia familia hizi zikigawanywa kwa ukali kuwa za kufungua na za kufunga. Virusi vinapoamka, protini yao Tat, ikishawekewa asetili, huliita kundi jingine, PBAF, ambalo husaidia kuufungua unukuzi. Injini za kundi moja na la pili ni zilezile. Vipande vya pembeni ndivyo vinavyoamua.

Kwa wagonjwa wako, ushauri ni uleule mnaowapa kila siku: wasiache dawa, kwa sababu dawa za sasa huzuia virusi vilivyoamka, na vilivyolala haziwezi kuvifikia.

Jibu la 5: Mwanafunzi wa uzamili, biokemia

Mheshimiwa mleta uzi, hadi hapa umetaja asetili na vipande. Je, fosfeti? Na je, kuna hali ambapo breki hulegezwa kwa ghafla, kwa dharura? Mwisho, tunajuaje kwamba breki imo ndani ya protini yenyewe na haitokani na protini nyingine iliyoambatana nayo bila kuonekana?

Mleta uzi

Fosfeti ina kazi kubwa hasa wakati wa mgawanyiko wa seli. BRG1 na BRM huwekewa fosfeti seli inapoingia mgawanyikoni, na huondoka kwenye kromosomu zilizokazwa. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kundi la SWI/SNF lililochukuliwa kutoka katika seli zilizo katika hatua hiyo haliwezi kupanga upya nukleosomu, na kwamba likiondolewa fosfeti hupata nguvu tena. Misuli nayo ina mfano wake: kimeng'enya p38 huweka fosfeti kwenye BAF60c, na ndipo kundi zima linapokusanyika kwenye jeni ambazo MyoD, protini inayoongoza uundaji wa misuli, imeshazitia alama.

Kuhusu dharura, mfano ni ALC1, protini nyingine inayopanga upya kromatini. Protini hii ina kipande kiitwacho makrodomeni ambacho, seli ikiwa salama, huikalia injini na kuifunga. DNA ikivunjika, PARP1, kimeng'enya kinachotambua majeraha ya DNA, huifikia katika muda wa sekunde chache na kuanza kutengeneza minyororo ya poli-ADP-ribosi. Makrodomeni huishika minyororo hiyo kwa nguvu, na ikishaishika huiachia injini. Kwa hiyo kinachoileta ALC1 kwenye jeraha ndicho kinachoifungulia, na haiwezi kufanya kazi mahali ambapo hakuna jeraha. Uletwaji wake ulielezwa mwaka 2009, na namna breki inavyoachia mwaka 2017. Jambo hili lina uzito kliniki, kwa maana dawa kama olaparib, zinazotumika kwa saratani zenye kasoro katika BRCA, jeni za kurekebisha DNA, huizuia PARP. Na seli za namna hiyo zikiondolewa ALC1 huzidi kudhurika kwa dawa hizo.

Swali lako la mwisho ndilo gumu na zuri, na jibu lake ni jaribio. Chukua ISWI iliyotengenezwa na kusafishwa hadi hakuna protini nyingine iliyobaki. Badilisha arginini mbili tu ndani ya AutoN. Andaa nukleosomu za aina mbili, zenye mkia wa H4 na zisizo nao, kila moja ikiwa imewekwa mahali pamoja panapojulikana kwenye kipande cha DNA. Changanya na ATP, simamisha kazi kila baada ya dakika kadhaa, kisha zipitishe kwenye jeli. Nukleosomu iliyo katikati ya DNA husafiri polepole, iliyo pembeni husafiri haraka, kwa hiyo mstari unaohama kwenye jeli ni nukleosomu iliyohama kwenye DNA. ISWI ya kawaida hushindwa au hulegea sana pale mkia usipokuwepo. ISWI yenye arginini zilizobadilishwa hurudishiwa sehemu kubwa ya uwezo wake hata bila mkia. Hakuna protini ya pili ndani ya chupa ya kusingizia. Kilichobadilika ni asidi amino mbili za ISWI yenyewe. Ukiondoa pia NegC, haja ya DNA ya kando hupungua. Kama unataka kurudia jaribio hilo hapa Chiromo, anza na ubora wa histoni zako: nukleosomu zisizokamilika huacha DNA tupu kwenye jeli, na DNA tupu peke yake huweza kuiwasha injini kiasi cha kukupotosha unapopima ATP.